Nyumba Njema si Mlango: Uhakiki wa Nyumba ya Kiswahili Iliyofanywa Makumbusho Mjini Lamu

Katika mji wa Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya, imo nyumba moja ya mawe ya mtindo wa karne ya 18 ambamo hamna moto jikoni, halali mtu, wala hazaliwi mtoto. Yajulikana kwa jina la Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, nayo i chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Zamani ilikuwa maskani ya jamaa wa mjini; sasa ni mahali pa kutazamwa. Mgeni hulipa kiingilio, huongozwa chumba baada ya chumba, huonyeshwa vitanda, vyombo, jiko na zidaka, kisha hutoka akashika njia yake.

Makala haya yakusudia kuihakiki nyumba hiyo kama vile mhakiki ahakikivyo kitabu. Huenda wasomaji wengine wakaona ajabu kwamba mtu wa taaluma ya lugha aacha maandishi na kushika kuta. Lakini nyumba ya mawe ya Lamu ni kazi ya sanaa yenye mpango, yenye mwanzo na mwisho, na yenye msamiati wake. Kuigeuza makumbusho ni sawa na kutoa chapa mpya ya kitabu cha kale: mhariri aweza kukiokoa, na mhariri huyo huyo aweza kukipotosha bila kufuta hata ukurasa mmoja. Swali letu basi ni hili: nyumba hii ilisema nini kwa wenyewe, na sasa yasema nini kwa wageni?

Hoja yangu ni kwamba nyumba ya kale ya Kiswahili haikuwa rundo la vyumba, bali ilikuwa mfuatano wa mahusiano ya mahali: nje na ndani, tini na yuu, mgeni na mwenyeji. Mahusiano hayo yalishikwa na maneno kuliko yalivyoshikwa na mawe. Kwa hiyo maonyesho yanayohifadhi mawe na kuyaachilia maneno huhifadhi nusu ya nyumba, na nusu iliyosalia huwa haisomeki.

Kwanza tuutazame ujenzi wenyewe, maana hakuna uhakiki ulio wa haki usiojua kazi ya fundi. Kuta za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haifiki mbali. Ndiyo sababu upana wa chumba ni kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3 tu, hata katika nyumba ya tajiri. Tajiri hakuweza kukipanua chumba chake. Aliweza kukirefusha, na aliweza kuongeza chumba kingine sambamba nyuma ya cha kwanza. Hivyo basi utajiri wa Lamu ulielekea ndani. Kwingineko duniani mtu mkubwa alijenga uso mpana wa nyumba uonekane na wapitao njiani. Katika miaka ya masomo yangu ng'ambo nilizoea kuona majumba ya wakubwa wa Ulaya yaliyofanywa makumbusho, nayo huanza kusema tangu bustanini: madirisha yamepangwa, ngazi ni pana, na picha za mababu zimetundikwa ukumbini. Nyumba ya Lamu kwa upande wa njia ni ukuta mweupe na mlango. Waswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii huchukuliwa kuwa ni ya tabia za watu, na ndivyo ilivyo. Lakini katika mji wa Lamu ni maelezo ya ujenzi pia, tena ya sawasawa.

Apitaye mlangoni hukutana kwanza na daka, yaani kipenu chenye viti vya mawe vya kujengewa, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake wa kawaida. Baada ya daka hufuata tekani, nayo imepindishwa ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, mahali palipo wazi juu, panapoingiza mwanga na hewa. Mbele ya kiwanda hufuata misana, vyumba virefu vilivyo sambamba: msana wa tini kwanza, kisha msana wa yuu, na nyuma ya misana ipo ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe, ambako ukuta umenakshiwa kwa zidaka zilizopangwa safu juu ya safu. Kadiri mtu anavyosonga ndivyo sakafu inavyopanda kidogo, ndivyo mwanga unavyopungua, na ndivyo haki ya kuingia inavyopungua. Nyumba nyingi katika hizi zimeelekezwa kaskazini, upande ambao kwa watu wa Lamu ndio wa kibla.

Sasa tuyapime maneno haya mmoja mmoja, kwani hapa ndipo penye shabaha ya makala haya. Kijana aliyesoma Kiswahili sanifu shuleni, iwe Dodoma au Nairobi, akipewa ramani ya nyumba hii iliyoandikwa kwa maneno ya wenyewe, atashangaa. Ataona nyumba ina kiwanda, naye ajua kiwanda ni mahali pa mashine na wafanyakazi wa mshahara. Ataona chooni mna birika, naye ajua birika ni chombo cha kuchemshia chai. Ataona kuna sabule, atatambua kuwa ni sebule, na atadhani ni pale jamaa wakaapo jioni kusikiliza habari. Katika maneno matatu atakuwa amekosea mara tatu, na kila kosa lina funzo lake.

Kiwanda cha Lamu ni uwazi. Maana ya sasa ya kiwanda kama mahali pa kazi za mashine haikuja kwa bahati, kwa kuwa mahali palipo wazi ndipo mafundi wafanyiapo kazi, na kutoka mahali pa kazi hadi nyumba ya mashine ni hatua fupi. Lakini aliyeshika mwisho wa safari hiyo bila mwanzo wake hawezi kuiona nyumba. Birika la Lamu ni hodhi ya maji iliyojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. La leo ni la bati, na kilichobaki katika maana ni maji tu. Sabule nayo ina jambo kubwa zaidi. Katika nyumba ya kale sabule ilikuwa chumba cha mgeni mwanamume, na aghalabu ilipandiwa kwa ngazi yake yenyewe, ili mgeni aweze kukaa siku nyingi katika nyumba asipate kuiingia nyumba. Sebule ya leo ni moyo wa nyumba. Baba, mama na watoto wote hukaa humo, na mgeni huketishwa katikati yao. Hapa si neno lililogeuka pekee, ni wazo zima la mgeni. Sebule ilikuwa namna ya kumkaribisha mtu kwa kumweka mbali kwa heshima, nayo imekuwa namna ya kumkaribisha kwa kumchanganya. Sisemi kwamba njia ya kale ilikuwa bora. Nasema kwamba badiliko hili, ambalo wanahistoria wa maisha yetu wangelitafuta kwa taabu katika nyaraka, limelala wazi katika neno moja, na makumbusho yanaweza kulionyesha kwa ngazi moja na kibao kimoja.

Tuje kwenye tini na yuu. Msemaji wa Kiunguja atambua mara moja kwamba tini ni chini na yuu ni juu, kama vile nti ni nchi na moya ni moja. Kwa sababu hiyo aweza kudanganyika kwa urahisi zaidi kuliko mgeni asiyejua neno lolote. Atadhani msana wa tini ni wa orofa ya chini na msana wa yuu ni wa orofa ya juu. Sivyo. Misana yote miwili i katika orofa moja, imepakana ukuta kwa ukuta, na tofauti ya kimo baina yake ni kidaraja tu. Tini ni upande wa kiwanda, ulio karibu na nje. Yuu ni upande ulio karibu na ndani. Maneno haya hapa hayapimi kimo, hupima daraja. Hatua ndogo ya sakafu, ambayo mtazamaji huivuka bila kuinama kuitazama, ndiyo iliyobeba maana nzima ya vyumba viwili. Anayeieleza misana hii kwa maneno ya ukumbi wa kwanza na ukumbi wa pili amehesabu tu, hajaeleza.

Neno daka lastahili kuangaliwa zaidi ya yote. Daka ni uwazi ulioingia ukutani, na kidaka, kwa wingi wa Kiamu zidaka, ni kidogo chake. Kwa hiyo mahali pa nje kabisa pa nyumba, penye kukaa wageni, na mahali pa ndani kabisa, penye kuwekwa sahani za kaure kutoka China na vitu vya thamani, vimeitwa kwa shina moja. Fundi aliyechimba ukuta wa mbele akaketisha watu ndiye aliyechimba ukuta wa nyuma akaketisha vyombo. Daka lapokea ulimwengu kwa umbo la watu. Zidaka zaupokea kwa umbo la vitu vilivyovuka bahari. Na baina ya madaka hayo mawili, kubwa na dogo, ndimo maisha ya jamaa yalimokaa. Maelezo yanayoita la kwanza kipenu na la pili rafu yana ukweli wa macho, lakini yameuvunja uzi ulioshona nyumba pande zote mbili.

Mwisho ni neno ndani lenyewe. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wajua kwamba neno hili lina asili katika shina lenye maana ya tumbo, likafuatiwa na kiambishi cha mahali -ni. Katika mazungumzo ya kila siku tumekwisha kusahau tumbo, na ndani hulitaka neno jingine lilifuate: ndani ya sanduku, ndani ya gari, ndani ya mwaka. Katika nyumba ya Lamu neno hilo husimama peke yake. Si ndani ya kitu, ni ndani. Na kwa kuwa mambo ya arusi, ya uzazi na ya mauti yalikuwa na makao yake katika pande hizo za nyuma, asili ya neno na kazi ya chumba vimekutana. Katika vitabu vya wasafiri chumba hiki mara nyingi hufasiriwa kuwa chumba cha kulala, au hupewa neno linalomfanya msomaji wa Ulaya akumbuke hadithi za masultani na masuria. Tafsiri ya kwanza ni ya kitanda, ya pili ni ya ndoto. Hakuna kati yake inayogusa jambo lenyewe, ambalo ni kwamba kila sehemu nyingine ya nyumba hii ilijulikana kwa umbali wake kutoka hapo.

Wataalamu hawakukosa kuyatazama mambo haya. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 juu ya fikira za ibada na mila zilizo chini ya mpango wa nyumba ya Kiswahili. Usam Ghaidan aliupima mji na kuuchora katika kitabu chake cha mwaka 1975. Katika miaka ya 1980 Linda Donley alieleza kwamba zidaka na vyombo vyake havikuwa pambo tu, bali vilikuwa kinga ya mahali palipoguswa na uzazi na mauti. Prita Meier, katika kitabu cha mwaka 2016, aliielekeza hoja upande mwingine: kwamba mawe na kaure za miji ya Waswahili zilikuwa namna ya kuonyesha kufungamana kwao na ng'ambo ya bahari. Mimi sioni ulazima wa kuchagua moja na kuikataa nyingine. Sahani iliyotoka mbali yaweza kuwa fahari machoni pa mgeni na kinga moyoni mwa mwenyeji, kama vile pete iwezavyo kuwa pambo na ahadi pamoja. Ila nadhani mabishano haya yangalifaidika kama wabishani wangalisikiliza zaidi neno lenyewe. Kidaka ni kidogo cha daka, na daka ni mahali pa kupokea. Fasiri yoyote ya zidaka isiyoeleza mapokezi ni pungufu.

Kutoka kwenye maneno tuje kwenye namna ya kuonyesha. Nyumba hii ilikuwa na sarufi, na sarufi yake ilikuwa ni kungoja. Mgeni alibisha hodi, akaketi dakani, akangoja. Wengi waliishia hapo, wakaondoka wameridhika, kwa kuwa walipata heshima iliyowapasa. Wachache walifika sabule. Ndani walifika wa jamaa tu. Onyesho la makumbusho, kwa desturi yake popote duniani, limeondoa kungoja. Kiingilio kikilipwa milango yote ni sawa, na mtu hupita kutoka daka hadi ndani kwa dakika chache. Hapo pana mgongano usioepukika: chumba ambacho maana yake ni kwamba mgeni hakiingii hakiwezi kuonyeshwa kwa mgeni na kubaki kilivyo. Siku ilipofunguliwa kwa umma ndani ilikwisha kuwa ndani. Imebaki kuwa chumba cha nyuma.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, basi chumba hicho kingefungwa. Sikubaliani nao. Methali tuliyoitaja yasema fungua uingie, wala haisemi simama nje ukisie. Tena chumba kilichofungwa katika nyumba isiyo na mwenyeji hakina siri, kina kufuli. Dawa ya mgongano huu si kufunga bali ni kuurudisha mwendo. Mtazamaji na aketishwe dakani kwanza, aelezwe ni nani aliyeketi hapo na ni kwa nini hakupita. Asimamishwe kwenye kidaraja cha msana wa yuu, atazame nyuma alikotoka. Afikapo ndani aambiwe wazi kwamba amefika mahali ambapo, kwa kanuni ya waliojenga, asingefika. Maonyesho yanayokiri kwamba yanavunja mpaka humfundisha mtu juu ya mpaka huo kuliko yale yanayojifanya kwamba mpaka haukuwapo.

Nina lalamiko jingine lililo zito zaidi. Nyumba iliyopangwa vizuri, yenye vitanda safi na sahani zisizokuwa na ufa, humwambia mtazamaji kwamba humo walikaa bwana na bibi peke yao. Nyumba ya mwungwana wa Lamu haikusimama hivyo. Matumbawe yalivunjwa na kuchukuliwa, chokaa ilichomwa, maji yalitekwa, nafaka ilitwangwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Katika nyumba za orofa, tabaka ya chini ilikuwa yao pamoja na akiba na mizigo, na jamaa wa mwenye nyumba walikaa juu. Hali ya utumwa haikufutwa na sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Basi maneno tini na yuu, tuliyoyasifu kwa ufundi wake, yana upande mwingine usiosifika. Daraja ile ile iliyompa mgeni heshima kwa kumweka mbali ndiyo iliyomweka mtumwa chini bila heshima. Makumbusho hayawezi kuchukua nusu ya kwanza ya maana hii na kuiacha ya pili. Haihitajiki picha ya kutisha wala hotuba. Yatosha kila chombo cha kazi kielezwe pamoja na mikono iliyokitumia.

Upande wa wanawake pia wahitaji kutengenezwa. Ilikuwa desturi ya waungwana wa Lamu kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, aolewapo, na mume akahamia kwake. Ndiyo sababu mji huu una wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili: jamaa ikikua, mabinti hupata makao bila kutoka katika mkono wa mama zao. Lugha yetu yakumbuka jambo hili. Kwa Waswahili nyumba ni jengo na pia ni jamaa. Watu wa nyumba moja ni zaidi ya watu wa dari moja. Na mlango nao hutajwa kwa maana ya tawi la ukoo. Nyumba inayoelezwa kuwa ya bwana fulani, au ya mfanyabiashara asiye na jina, kwa kweli yaweza kuwa ilikuwa ya bibi. Ikiwa ndani itaelezwa siku zote kwa kinywa cha mwanamume, kwa maneno ya kigeni, tutakuwa tumemtoa mwenyeji mara mbili, kwanza kwa kifo na pili kwa maelezo.

Kulinganisha na Unguja kwaweza kutufaa. Jumba la Beit al-Sahel lililo ufukweni, ambalo lilipigwa mizinga mwaka 1896 na kujengwa upya, lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na humo Bibi Salme binti Said amewekewa mahali pake. Salme alizaliwa mwaka 1844, akaenda Ujerumani baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kwa sababu ya kitabu hicho, mtazamaji wa jumba la Unguja ana sauti ya mtu aliyekaa ndani, aliyependa na kulaumu, aliyejua nani alikula wapi na nani hakusemezana na nani. Kwamba sauti hiyo ilibidi isemwe kwa lugha ya ugenini ni msiba wake. Hata hivyo ipo. Nyumba ya Lamu haina kitabu cha aina hiyo, nayo haikuwa ya wafalme. Kumbukumbu yake i katika vinywa vya wazee, na zaidi katika vinywa vya mabibi wa mji. Kinywa hakina chapa ya pili.

Unguja yatufunza jambo jingine, la uchungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakafa. Lilikuwa jumba mashuhuri kuliko yote ya pwani, na umashuhuri haukulishika. Nyumba ya matumbawe hutaka kutunzwa kwa chokaa. Saruji ikipakwa juu ya matumbawe huzuia unyevu usitoke, na ukuta huoza kwa ndani huku uso wake ukionekana imara. Mfano huu wafaa pia kwa lugha. Mji wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi twashukuru. Lakini orodha ni plasta ya nje. Maneno ya fundi wa chokaa, ya mchongaji wa zidaka na ya mwekaji wa boriti yakifa, fundi atakayefuata atatengeneza kwa saruji, kwa sababu saruji ndiyo itakayokuwa na jina kinywani mwake.

Yafaa nitende haki, niseme na sifa. Nyumba za mawe za Lamu zina njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kubaki na wenyewe, na hiyo ndiyo bora, lakini wenyewe wengi hawana uwezo wa kuzitengeneza. Ya pili ni kununuliwa na kufanywa nyumba za kulaza wageni, kama zilivyofanywa nyingi. Ya tatu ni makumbusho. Katika nyumba ya kulaza wageni kuta hutengenezwa, pengine kwa uzuri sana, lakini mgeni hulazwa ndani na kuambiwa ajione yuko kwake. Huo ni uongo mtamu. Makumbusho angalau hayamwambii mtu kwamba yuko kwake. Yamwambia kwamba mwenyeji hayupo, na kwamba kilichopo kimewekwa ili akumbukwe. Kati ya njia ya pili na ya tatu naichagua ya tatu bila kusita, na ukali wa uhakiki wangu watoka katika uchaguzi huo. Kitu kilichojitwika kazi ya kukumbuka hupimwa kwa namna kinavyokumbuka. Mtunga Al-Inkishafi, aliyetazama magofu ya Pate, hakutuachia sahani moja. Alituachia maneno, na kwa maneno yake twajua zidaka zile zilikuwa nini kabla ndege hawajazirithi. Pate ilipoteza kuta, ikabaki na shairi. Ingekuwa aibu Lamu ibaki na kuta, ipoteze maneno.

Yapo pingamizi mawili ninayoyatazamia. La kwanza ni kwamba maneno ya Kiamu yatamchosha mtazamaji, ambaye mara nyingi hajui hata Kiswahili sanifu. Nalijibu kwamba mtazamaji huyo huyo, aendapo katika hekalu la Japani au ngome ya Hispania, hujifunza maneno matano ya wenyewe na kurudi nayo kwao kwa fahari. Kinachomchosha ni maneno yasiyofafanuliwa. La pili, ambalo hutoka kwa wenzetu wa Kiswahili sanifu, ni kwamba kuandika tini, yuu, nti na zidaka ni kurudisha lahaja pale umoja wa lugha ulipokwisha pata nguvu. Pingamizi hili lilikuwa na uzito wakati usanifishaji ulipokuwa mchanga. Leo Kiswahili sanifu hakihitaji kulindwa dhidi ya Lamu. Kinyume chake, ni kutoka Lamu na dada zake ambako kinaweza kupata tena maneno yatakayokifaa: msana kwa wachora ramani za majengo, wikio kwa wajenzi wa miji, daka kwa yeyote anayetafuta neno la mahali pa kupokea mgeni kabla hajaingia. Lugha inayoomba maneno ya ujenzi kutoka ng'ambo huku nyumba zake zikiwa zimejaa maneno ni kama mwenye kisima anayenunua maji.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nayo si ya gharama kubwa. Kwanza, kila sehemu ya nyumba iandikwe kwanza kwa jina lake la Kiamu, kisha ielezwe kwa Kiswahili sanifu, na ndipo lugha za kigeni zifuate, zikieleza matumizi badala ya kubandika neno moja juu ya jingine. Pili, mwendo wa mtazamaji upangwe upya kufuata kungoja kwa zamani, kama nilivyoeleza. Tatu, watumwa, wazalia na mabibi watajwe mahali walipofanyia kazi na walipokaa. Nne, na hili ni juu yetu sisi wa vyuo vikuu kuliko juu ya wenye makumbusho, maneno ya nyumba yakusanywe kutoka kwa wazee wa kike na wa kiume pamoja na mafundi, kila neno na mahali lilipotumika na namna lilivyotumika katika sentensi, wala si kwa orodha kavu. Kamusi zetu zasema kiwanda, birika na sebule ni nini leo. Ni wajibu wetu ziseme pia vilikuwa nini, na neno moja lilipitaje kutoka maana ile hadi hii.

Kazi hiyo haingoji, maana wanaoyajua maneno haya kwa kuyaishi wanapungua kila mwaka, na waliozaliwa katika nyumba za saruji hawana sababu ya kuyajua isipokuwa tukiwapa. Kuta za Nyumba ya Kiswahili zimepata walinzi wake. Maneno yake bado hayajapata.